Ulezi wa utafiti ni nini? Mfano wa Profesa Benno Ndulu

Mlezi wa utafiti ni mtafiti mzoefu anayemshika mkono mtafiti mchanga tangu swali lake halijakaa sawa mpaka kazi inapochapishwa. Msimamizi wa tasnifu anaweza kuishia kwenye ratiba na saini. Mlezi kazi yake kubwa ni kuuliza.

Tuseme mwanauchumi anataka kupima jinsi bei ya mafuta inavyochochea mfumuko wa bei Tanzania. Pendekezo lake limeandikwa vizuri. Mlezi anauliza: chakula kina uzito mkubwa kwenye kapu la bidhaa tunalopimia mfumuko, mwaka wa ukame, unga ukipanda bei, utajuaje kuwa chanzo ni mafuta na si mvua? Na shilingi iliposhuka thamani kipindi hichohicho, umeiweka wapi? Takwimu zako ni za mwezi au za mwaka? Mtafiti anarudi mezani. Pengine swali lote linabadilika, na hiyo ni heri, maana hajapoteza fedha wala miezi kukusanya takwimu zisizomjibu.

Kwa Afrika Mashariki sioni mfano bora kuliko Profesa Benno Ndulu. Alizaliwa mwaka 1950, akasomea shahada ya uzamivu Northwestern University, Marekani, kisha akafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa miaka migumu: Tanzania ilifikia makubaliano ya mkopo na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986, na serikali nyingi za Afrika ziliingia kwenye mazungumzo ya aina hiyo zikiwa na wachumi watafiti wachache sana wa kwao. Mwaka 1988 ikaanzishwa AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi barani Afrika yenye makao Nairobi. Ndulu alikuwa mkurugenzi wa utafiti pale, baadaye Mkurugenzi Mtendaji.

AERC iliufanya ulezi kuwa utaratibu. Mtafiti anapewa ruzuku ndogo, na katika warsha zinazofanyika mara mbili kwa mwaka anasimama mbele ya wenzake na wabobezi: kwanza na pendekezo, halafu na kazi inayoendelea, mwisho na ripoti kamili. Anakosolewa mbele ya wote. Inauma, lakini anayekosolewa leo kesho atakaa upande wa wanaouliza, na hivyo ndivyo walezi wapya wanavyopatikana. Mwaka 1993 ikafuata programu ya pamoja ya uzamili, ambapo wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali walikutana Nairobi kwa masomo ya kuchagua.

Wengi wanamkumbuka Ndulu kama Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018, yule ambaye saini yake ilikuwa kwenye noti. Mimi naona kazi yake ya Nairobi ilizidi ile. Alifariki Februari 2021. Miongoni mwa alivyoacha ni utafiti mkubwa kuhusu ukuaji wa uchumi wa Afrika kati ya 1960 na 2000, alioshirikiana kuuhariri, ambamo wachumi wengi wa Kiafrika waliandika wenyewe historia za uchumi wa nchi zao.