Je, wajua kwa nini kompyuta ya bodi moja, yaani kompyuta ndogo nzima iliyo juu ya bodi moja tu, huchukua dakika mbili kuwaka?

Umechomeka umeme. Taa imewaka, ile ya kadi imepepesa mara mbili tatu, kisha kimya. Unahesabu hadi thelathini, unafika sitini, unaanza kuhisi bodi imeungua, na hapo ndipo inapoamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukishaingia, programu zinafunguka vizuri tu. Sasa ule muda wote ilikuwa inafanya nini?

Mara nyingi ilikuwa imekaa tu inangoja kitu. Ndiyo maana kununua bodi yenye nguvu zaidi huwa hakuondoi tatizo: prosesa ya kasi hungoja kwa mwendo uleule wa prosesa ya pole.

Ili kujua inangoja nini, inafaa kujua kwanza nani huamka kabla ya nani, maana bodi hizi zina vituko vyake. Kwenye Raspberry Pi, ambayo imetamba tangu toleo la kwanza lilipotoka mwaka 2012, prosesa kuu huwa bado imelala wakati sehemu ya michoro tayari iko kazini. Katika matoleo ya mwanzo, sehemu hiyo ya michoro ndiyo iliyokwenda kwenye kadi ya memori kusoma faili la bootcode.bin, kisha start.elf na config.txt, ikapakia keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, na mwisho kabisa kuiamsha prosesa. Kuanzia Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, hatua ya kwanza imehamia kwenye chipu ndogo ya EEPROM, memori isiyosahau umeme ukikatika, iliyo juu ya bodi yenyewe. Keneli ikishashika usukani huamsha vifaa, hufungua mfumo wa mafaili, kisha hukabidhi kazi kwa systemd, nyapara wa kuanzisha huduma zote zilizobaki, yaani programu zinazofanya kazi chinichini.

Nyapara huyu ana daftari. Andika systemd-analyze kwenye terminali, naye atakuambia keneli ilitumia sekunde ngapi na huduma zikatumia ngapi. Ila kwenye bodi hizi kwa kawaida hesabu yake huanza pale keneli inapoanza, yaliyotangulia hayajui. Kwa hiyo chukua simu, washa saa ya kupimia, chomeka umeme, na uhesabu mwenyewe mpaka skrini ya kuingilia itokee. Saa yako ikisema sekunde 50 na systemd ikasema 20, usihangaike na huduma hata moja. Tatizo liko kabla ya keneli, na kuzima huduma kumi hakutalipunguza kwa sekunde moja.

Ikiwa muda umelika upande wa huduma, wengi hukimbilia systemd-analyze blame, amri inayopanga huduma kuanzia iliyotumia muda mrefu zaidi. Amri hii huwatia watu wengi hatiani bure. Huduma huanzishwa nyingi kwa pamoja, na inayochukua sekunde 30 pembeni huenda haimzuii yeyote. Aliyechelewa kufika kikaoni hajachelewesha kikao kama hakuna aliyekuwa akimngoja. Amri ya kuamini zaidi ni systemd-analyze critical-chain: yenyewe huonyesha mnyororo wa waliongojana. Namba yenye alama ya @ ni sekunde ambayo huduma ilianza au ikawa tayari, na yenye + ni muda iliotumia yenyewe.

Hata hivyo mnyororo nao una shimo. Nina bodi moja ambayo niliwahi kuiwekea eneo la swap, nafasi ya diski inayosaidia memori ikijaa, kwenye flashi ya USB, kwa kuwa memori yake ilikuwa finyu. Baadaye nikaing'oa ile flashi kwa matumizi mengine na kusahau mstari wake katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa wakati wa kuwaka. Tangu siku hiyo bodi ikawa inachukua karibu dakika mbili. Blame haikuonyesha kitu cha maana. Critical-chain ikaonyesha jambo la ajabu: mstari mmoja ulikuwa kwenye sekunde ya 4, unaofuata umeruka hadi dakika 1 na sekunde 34, na katikati hapakuwa na mtu wa kudai zile sekunde 90. Hazikuwa na mwenyewe kwa sababu kilichokuwa kikingojwa hakikuwahi kufika, na orodha ile huandika waliofika tu.

Namba yenyewe ndiyo iliyonishtua. Kazi halisi hutumia sekunde 87 leo na 93 kesho. Sekunde 90 kamili, kila siku, ni ukomo alioandika mtu. Na kweli, sekunde 90 ndio muda wa kawaida wa systemd kungojea kifaa kabla ya kukata tamaa. Nikafungua journalctl -b, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo tangu bodi iwake, na mstari wa kumaliza muda wa kusubiri ulikuwemo, pamoja na kitambulisho cha flashi iliyokuwa mfukoni mwangu. Nikafuta mstari mmoja katika fstab, kwisha kazi.

Hapo nilibahatika kwamba ilikuwa swap. Ingekuwa diski ya kawaida isiyo na neno nofail kwenye mstari wake, bodi ingengoja zile sekunde 90 kisha ikaishia kwenye hali ya dharura badala ya kuendelea. Diski yoyote inayochomekwa na kuchomolewa iwekewe nofail, bila mjadala.

Ukikuta sekunde 120 badala ya 90, elekeza macho kwenye mtandao. Kuna huduma iitwayo systemd-networkd-wait-online ambayo kazi yake yote ni kuzuia wengine mpaka mtandao upatikane, na kwa kawaida huvumilia sekunde 120. Kisa kinachojirudia ni cha bodi inayotumia waifai huku tundu la waya wa mtandao limesajiliwa katika mipangilio ingawa halina waya. Huduma inakaa inangojea waya ambao hakuna mwenye nia ya kuuchomeka. Kwenye Ubuntu, kuongeza optional: true chini ya jina la tundu hilo katika faili la netplan kunatosha. Na kama hakuna programu yako inayohitaji intaneti wakati wa kuwaka, huduma hiyo izimwe kabisa.

Angalizo dogo kabla hujapotezwa na kumbukumbu za journalctl: Raspberry Pi zote kabla ya ile ya 5 hazina saa inayotembea umeme ukikatika. Bodi huamka ikidhani bado ni wakati ilipozimwa, kisha ikipata mtandao inasahihisha. Kwenye journalctl unaweza kuona mstari mmoja ni wa Jumanne na unaofuata ni wa Ijumaa. Bodi haikuganda siku tatu. Tumia journalctl -b -o short-monotonic, upate sekunde tangu kuwaka badala ya tarehe.

Sasa tuje kwenye ucheleweshaji wenye kazi ndani yake, na hapa mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa kebo. Raspberry Pi hulalamika umeme ukishuka chini ya takriban volti 4.63. Chukua chaja inayotoa volti 5.0 na kebo nyembamba ambayo nyaya zake, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa omu 0.2. Bodi ikivuta ampia 2 wakati wa kuwaka, kebo peke yake inameza volti 0.4, na kinachofika ni 4.6. Mfumo hupunguza kasi ya prosesa ili usizimike. Chaja ni nzima, bodi ni nzima, na bado mambo yanakwenda kwa kuburuza miguu. Andika vcgencmd get_throttled: jibu likiwa 0x0 uko salama, likiwa 0x50000, umeme ulishuka na kasi ikapunguzwa wakati fulani tangu bodi iwake, likiwa 0x50005, jambo hilo linaendelea hata sasa hivi unaposoma.

Kadi ya memori inafuata. Namba ya 10 iliyozungushiwa duara kwenye kadi inahusu kuandika mfululizo megabaiti 10 kwa sekunde, kipimo kizuri kwa anayerekodi video. Kuwaka kwa kompyuta ni shughuli nyingine: maelfu ya vipande vidogo vinasomwa huku na huko. Alama inayohusika ni A1, inayoahidi usomaji wa namna hiyo angalau mara 1,500 kwa sekunde, au A2, mara 4,000. A2 hufikia namba zake ikiwa bodi inajua kuipangia amri kwa foleni, na bodi nyingi za zamani hazijui, kwa hiyo kwenye hizo sioni sababu ya kulipia zaidi ya A1. Kadi iliyoanza kufa nayo hujitangaza: andika dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli, utaona makosa ya mmc0, yaani ya kadi, yakijirudia, na muda ulio mwanzoni mwa mistari ukiruka sekunde kadhaa.

Jambo moja ambalo watu hawalitegemei: maneno yenyewe hula muda. Bodi ikiwa imepangiwa kutuma ujumbe wa keneli kwenye waya wa sirio (serial), unaopitisha herufi moja moja, kwa mwendo wa biti 115200 kwa sekunde, hupitisha kama herufi 11,520 tu kwa sekunde, na keneli huweza kusimama ikingoja zipite. Ujumbe wa herufi 40,000 ni sekunde tatu na nusu za porojo. Ongeza neno quiet kwenye cmdline.txt, faili la maagizo kwa keneli, ila usivunje mstari. Faili lile lote ni mstari mmoja.

Kama saa ya simu bado inaizidi sana hesabu ya systemd baada ya hayo yote, rudi kabla ya keneli. Kwenye Raspberry Pi 4 na 5, EEPROM ina mpangilio uitwao BOOT_ORDER, nao husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiandikwa 0xf41, bodi huanza na kadi, namba 1, huenda USB, namba 4, na ikikosa vyote inarudia, herufi f. Anayewasha kutoka kwenye diski ya USB akiugeuza kuwa 0xf14, kwa amri ya rpi-eeprom-config, bodi huenda moja kwa moja kwenye diski bila kwanza kupapasa tundu la kadi lisilo na kadi.