Kisu chekundu cha Uswisi hakikutoka ghala la jeshi

Wakusanyaji wengi wa visu vya kukunja bado wanaamini kwamba kisu chekundu chenye kizibuo cha mvinyo ndicho alichokabidhiwa kila askari wa Uswisi. Sivyo. Kisu cha kwanza cha askari, modeli ya 1890, kilikuwa na mpini wa mbao nyeusi, bapa moja, msharasi, kifungulia kopo na bisibisi ya kufungulia bunduki, na shehena yake ya kwanza, mwaka 1891, ilitengenezwa Solingen, Ujerumani. Kile chenye kizibuo, kilichosajiliwa na fundi visu wa Uswisi, Karl Elsener, mwaka 1897, kiliitwa cha maofisa, ilhali jeshi halikukigawa. Ofisa aliyekitaka alikinunua kwa fedha zake mwenyewe.

Kwa hiyo anayekadiria umri wa kisu asidanganywe na rangi (wauzaji huipenda mno), bali achunguze mhuri uliogongwa kwenye shina la bapa. Jina Victoria, chapa ya visu vya Elsener, lilianza kutumika mwaka 1909, na Inox, yaani chuma kisichoshika kutu, ikaongezwa mwaka 1921, ndipo likapatikana jina Victorinox. Kisu cha askari chenye mpini wa alumini, kilichoanza mwaka 1961, hubeba tarakimu mbili za mwaka kilipotengenezwa.