Ufadhili wa ada kwa masomo ya juu ya elimu ya sayansi na hisabati: mambo ya kupima kabla ya kuomba

Katika matangazo ya ufadhili wa ada kwa shahada za uzamili na uzamivu, neno linalopitiwa haraka kuliko yote ni hilo hilo la "ada". Mfadhili wa aina hii hukilipa chuo gharama ya masomo moja kwa moja, na fedha hizo hazipiti mkononi mwa mwanafunzi. Chakula, pango, nauli, bima ya afya na mara nyingi gharama za kukusanya data shuleni hubaki kwa mwombaji au kwa mwajiri wake. Mwalimu wa sekondari kutoka Kahama anayetaka kusoma Rukara, katika Wilaya ya Kayonza mashariki mwa Rwanda, anapaswa kufanya hesabu hiyo ya pili kabla hajagusa fomu, kwa sababu mwanafunzi aliyesamehewa ada anaweza bado kukwama njiani kwa kukosa fedha za kujikimu.

Rukara tumeitaja kwa sababu. Hapo ndipo ilipo Ndaki ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Rwanda pamoja na kituo chake cha umahiri cha kufundisha na kujifunza hisabati na sayansi, ambacho ni kimoja kati ya vituo 24 vilivyofadhiliwa na Benki ya Dunia katika nchi 8 za mashariki na kusini mwa Afrika, chini ya uratibu wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Vituo hivyo vilipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa idadi ya wanafunzi waliopokelewa kutoka nje ya nchi mwenyeji. Mwombaji wa nchi jirani asijinyime nafasi kwa kudhani kwamba uraia wake ni kikwazo, mradi tangazo lenyewe halijasema hivyo.

Kinachoyaangusha maombi mengi si alama ndogo. Ni mwombaji kuomba kusomea fani moja huku andiko lake la utafiti likihusu fani nyingine. Mhitimu wa kemia huandika kurasa tatu nzuri kuhusu metali nzito katika maji ya Ziwa Victoria, akazituma kwenye programu ya elimu ya kemia. Andiko hilo mahali pake ni idara ya kemia, na wasomaji wa kamati hawawezi kulipatia alama hata kama wamelipenda. Elimu ya kemia huuliza swali la namna nyingine: kwa nini mwanafunzi anayesawazisha mlinganyo ubaoni bila kukosea hushindwa kueleza kilichotokea kwa atomi na molekuli ndani ya chupa ya majaribio? Katika hisabati, mfikirie mtoto anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, kwa kuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwalimu mwenye haraka huweka alama ya kosa akaendelea. Mtafiti wa elimu ya hisabati husimama hapo hapo, kwa sababu 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo mtoto, na bado mtoto hakushtuka. Anataka kujua kanuni hiyo mtoto aliitoa wapi, na ni ufundishaji gani utakaomfanya aone mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani.

Mwalimu aliyekaa darasani miaka mitano ana hazina ya maswali ya namna hiyo, ila wengi huyaacha nyumbani wakidhani hayana hadhi ya kitaaluma, kisha wakaandika kichwa kipana kama "Matumizi ya teknolojia na ufaulu wa hisabati Afrika Mashariki". Kichwa hicho hakitafitiki kwa miaka miwili na fedha za mtu mmoja. Afadhali shule nne za wilaya moja, mada moja ya kidato cha pili na kosa moja linalojirudia. Mazingira yetu yenyewe yana maswali ya kutosha: mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na fizikia kwa Kiingereza anapoingia sekondari, na mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba lugha ya kufundishia iwe Kiingereza, ilhali walimu wengi walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa.

Andiko lionyeshe pia kwamba mwombaji anajua yaliyokwisha kufanywa. Anayependekeza semina za kuwajengea uwezo walimu wa sayansi nchini Kenya, bila kutaja kwamba SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ulianza kazi hiyo mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, anamwambia msomaji kwamba hakupekua hata maandiko ya nyumbani kwake.

Kuhusu nyaraka tutasema machache. Angalia kiwango cha chini cha alama kinachotakiwa. Katika vyuo vya Tanzania vinavyotumia kipimo cha alama 5, daraja la pili la chini huanzia wastani wa alama (GPA) wa 2.7, na wafadhili wengi hutaka zaidi ya hapo. Majina yafanane katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti, na yasipofanana, hati ya kiapo iandaliwe mapema. Barua ya mhadhiri aliyesimamia utafiti wako wa shahada ya kwanza ina uzito kuliko ya kiongozi mwenye cheo kikubwa asiyewahi kusoma kazi yako. Kwa walimu walio kazini, barua ya mwajiri isiishie kwenye neno "ameruhusiwa": itaje muda wa ruhusa, na iseme wazi kama mshahara utaendelea kulipwa, kwa kuwa mara nyingi mshahara huo ndio jibu la hesabu ya kujikimu tuliyoanza nayo.

Ikumbukwe kwamba udahili na ufadhili ni maamuzi mawili. Chuo kinaweza kukudahili na mfadhili asikuchague, na barua ya udahili inabaki halali kwa muda ulioandikwa humo. Aliyefikwa na hali hiyo aiandikie mapema ofisi ya masomo ya uzamili, kabla ya tarehe ya usajili kupita, aulize kama anaweza kuahirisha kuanza hadi mwaka wa masomo unaofuata, kisha autumie mwaka huo kukutana na msimamizi na kulifanyia marekebisho andiko lake.