Je, wajua kwa nini mgonjwa wa kusahau huhangaika jua likizama?

Mchana kutwa bibi yuko sawa. Anachambua mchele, anaitikia salamu za majirani, anauliza bei ya nazi. Ikifika saa kumi na mbili jioni anainuka, anajifunga kanga vizuri, anashika njia ya mlangoni: “Naenda kwetu, mama ananingoja.” Mama huyo alikwishafariki miaka mingi. Ukimzuia, analia au anakutukana, na kesho asubuhi hana habari.

Kwa kuwa magharibi kwetu ni saa ya kuogopwa, saa ya kuwaita watoto ndani, wapo watakaosema amepandwa na jini. Lakini madaktari wanaifahamu hali hii. Huwapata baadhi ya watu wenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, ukiwemo ugonjwa ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906.

Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, pana fundo dogo la seli zipatazo 20,000. Hilo ndilo saa ya mwili. Hutegwa na mwanga unaopita machoni, kisha huuambia mwili wote kama ni wakati wa kuwa macho au wa kulala. Demensia huzila seli hizo. Jicho nalo likizeeka, lenzi yake hugeuka manjano na kupunguza mwanga unaoingia. Akiwa na mtoto wa jicho, ndiyo zaidi. Halafu sisi, kwa huruma, tunamweka chumba cha ndani siku nzima ili apumzike! Saa iliyokwisha kudhoofika inakosa hata kile kidogo cha kuitega. Kiti barazani asubuhi, mahali penye mwanga, kinamfaa kuliko kitanda.

Kuna na jioni yenyewe. Karibu na ikweta giza halibishi hodi. Jua likizama, haipiti nusu saa ni usiku. Kanga iliyotundikwa inakuwa mtu aliyesimama. Kioo kinamwonyesha mzee asiyemjua. Na ni saa hiyohiyo watoto wanarudi, masufuria yanagongana, televisheni inasoma habari, kila mtu anaongea. Ubongo wake umechoka tangu asubuhi kwa kujitahidi kuelewa. Basi washa taa kabla giza halijaingia, zima televisheni, mpe chakula mapema, na chai yenye majani iishie mchana.

La mlezi ndilo linalonigusa zaidi. Mara nyingi ni binti au mkamwana mmoja, na saa ile yuko jikoni, amechoka kama mgonjwa mwenyewe. Mwenye demensia hupoteza maneno, lakini uso na sauti ya mtu huendelea kuvisoma kwa muda mrefu. Mlezi akifoka, hofu ya bibi inapanda. Bibi akipiga kelele, mlezi anazidi kufoka. Kwa hiyo kumpumzisha mlezi ni sehemu ya tiba. Ndugu wanaotuma pesa kutoka mjini wanafanya jambo jema, ila pesa haikai na bibi saa kumi na mbili. Aliye karibu aje ashike zamu kwa muda wa saa moja tu, hata mjukuu mkubwa.

Angalizo: kama kuchanganyikiwa kumezuka ghafla, kwa saa au siku chache, usingoje. Mpeleke hospitali. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa aliyoanza karibuni.

Na akisema anakwenda kwao? Usimbishie kwamba hapa ndipo kwake, wala usimkumbushe msiba. Kila ukimwambia, anafiwa upya. Anachokitafuta ni ile amani ya kwao. Keti naye, mshike mkono. “Bibi, huko kwenu jioni mlikuwa mkipika nini?” Ataanza na samaki wa nazi, na polepole ataifungua ile kanga aliyojifunga ili aondoke.