Tumbaku Pemba: kabla ya kuandika lengo, tuhesabu watu

Kila tunapokaa Chake Chake kupanga mipango ya mwaka, hatakosa mmoja wa kusema, "Andikeni matumizi ya tumbaku yapungue nusu kwa miaka miwili." Nami hulipinga. Nusu naitaka sana, lakini lengo lisilofikika huwavunja moyo watu wetu wa kujitolea, wanaozunguka nyumba kwa nyumba juani.

Chukua shehia (eneo dogo la utawala huku Zanzibar) ya mfano yenye wanaume 1,000, na watumiaji 150 kati yao. Makisio hayo hayako mbali: utafiti wa taifa wa 2018 ulikuta karibu asilimia 15 ya wanaume wa Tanzania wanatumia tumbaku, na asilimia 3 ya wanawake. Ukitaka nusu, lazima 75 waache na wasirudi. Sasa, anayeacha sigara kivyake, bila ushauri wala dawa, mara nyingi hurudia. Katika kila 100, watatu hadi watano tu ndio hufikisha mwaka. Hata wote 150 wakijaribu leo, mwakani utahesabu watano hadi wanane.

Mwaka 2013 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kupunguza matumizi ya tumbaku kwa asilimia 30, kutoka 2010 hadi 2025. Asilimia 30 hiyo ni ya watumiaji, si ya watu wote. Wengi huchanganya hapo. Kwa shehia yetu ni watu 45 kwa miaka 15, watatu kila mwaka. Ni wachache? Vijana watano wakianza mwaka huo, wanane lazima watoke ndipo upungufu uwe watatu. Ndiyo maana siwezi kuzungumzia watu wazima nikaliacha duka linalouza sigara moja moja, bei ambayo kijana yeyote anaimudu. Katika nchi za kipato kama chetu, bei ikipanda asilimia 10 matumizi hushuka karibu asilimia 5, na wanaoguswa zaidi ni vijana.

Kupima nako kuna mitego. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana afya, mie nishaacha." Ilikuwa Ramadhani, saa tisa alasiri. Baada ya futari nikamkuta barazani na sigara yake. Hakunidanganya, mchana alikuwa haivuti kweli, na swali langu ndilo lililokuwa bovu. Mwengine aliiacha sigara akahamia ugoro, nasi tukamwandika kuwa amefaulu. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwani ugoro nao huleta saratani ya kinywa.

Kwa shehia hiyo ya mfano, basi, ningeandika hivi: kutoka 150 hadi 135 katika miaka mitano, ugoro na tumbaku ya tambuu zikihesabiwa, swali likiulizwa kila mwaka Mfungo Tatu (mwezi wa tatu baada ya Ramadhani), na kila anayetaka kuacha apate mtu wa kumfuatilia mwaka mzima.