Binti kuchelewa kuvunja ungo: vidonge vya mama havihusiki
Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, kwamba binti mfupi asiyevunja ungo ameponzwa na vidonge vya uzazi wa mpango alivyomeza mama yake, si wa kweli.

Hali hiyo ina sababu kadhaa. Mojawapo ni sindromu ya Turner, hali ya kuzaliwa nayo inayompata takriban msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500. Yai na mbegu ya kiume hutengenezwa kwa meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli ambapo kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba vinasaba) hugawanywa zibaki 23. Kromosomu za jinsia (X na Y) zisipoachana sawasawa, mbegu au yai laweza kutoka bila hata moja, na mtoto akaanza na kromosomu 45, X ikiwa moja tu badala ya mbili. Mara nyingi X hiyo iliyobaki ni ya mama! (Baba naye hana kosa, mgawanyo huo hauongozwi na mtu.)

Uthibitisho ni kipimo cha damu kiitwacho kariotipu: kromosomu za seli hupigwa picha, zikahesabiwa.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani vidonge hubadilisha hedhi ya anayevimeza. Ya bintiye, hapana.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mpelekeni binti hospitali mapema, maana homoni ya ukuaji husaidia zaidi ikianzwa utotoni.