Je, wajua kwa nini kinga ya homa ya ini B inaweza kuwepo hata kipimo kikisema haipo?

Chukua muuguzi wa Chake Chake aliyemaliza dozi zake tatu za chanjo ya homa ya ini B miaka 15 iliyopita. Alipimwa mwezi mmoja baada ya dozi ya mwisho, kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na kirusi, zikapita uniti 10 kwa lita, kiwango kinachohesabiwa kuwa ni kinga. Leo anapimwa tena, ziko 4. Wenzake wodini watamwambia chanjo imekwisha nguvu, aanze upya.

Haijaisha. Maabara inahesabu kingamwili zilizomo kwenye damu siku hiyo, na hizo kushuka ni kawaida yake. Seli za kumbukumbu, zinazojua kuzitengeneza, kipimo hicho hakizioni kabisa. Ni sawa na kupita shamba la karafuu msimu ukiwa umekwisha, ukakuta kambi tupu na hakuna hata jamvi lililoanikwa, ukaapa kwamba Pemba haina wachumaji. Wapo majumbani mwao, na kuupanda mkarafuu hawajasahau. Karafuu zikikaribia wataitwa, na watawahi kabla hazijachanua.

Suala zima ni huko kuwahi. Kirusi hiki ni kizito wa mwendo ajabu: tangu kuingia mwilini hadi ugonjwa kuonekana hupita mwezi 1 hadi 6, ilhali seli za kumbukumbu huamka ndani ya siku chache. Kingekuwa na haraka ya kirusi cha mafua, hoja hii isingesimama. Waliofuatiliwa kwa miaka 30 wengi wao bado wana kumbukumbu hiyo; zaidi ya hapo ushahidi ni mwembamba, maana chanjo yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1981 tu.

Usalama hauna hadithi ndefu. Chanjo inayotumika sana haina kirusi, ina protini ya ganda lake tu, inayotengenezwa na hamira, ya jamii ileile inayoumua mkate wa kumimina. Mkono utauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo. Mzio mkali hutokea takriban mara 1 katika dozi milioni.

Kuna ila moja, tena kubwa. Kati ya watu wazima 100 wenye afya, 5 hadi 10 hawafikii kiwango cha kinga hata baada ya dozi tatu, hasa wenye umri mkubwa, wavutaji sigara na waliochomwa sindano ya tako badala ya bega. Kama muuguzi wetu asingepimwa mwanzoni, ile 4 ingeweza kuwa ya mwenye kumbukumbu au ya asiyepata kinga kamwe. Hapo hupewa dozi moja, akapimwa tena baada ya mwezi: mwenye kumbukumbu kwa kawaida hupanda juu sana. Asiyepanda humalizia dozi zilizobaki za duru ya pili ya chanjo, na akishindikana kabisa, siku akijichoma sindano ya mgonjwa mwenye kirusi atahitaji kingamwili za kuchomwa moja kwa moja, mapema iwezekanavyo. Bila kinga, sindano kama hiyo huambukiza watu 6 hadi 30 katika kila 100.